Anayeandika Bila Malipo Hulipwa na Nani?

Mwaka 1965 mwanauchumi wa Marekani, Mancur Olson, alichapisha kitabu kilichowasumbua wote walioamini kwamba watu wenye haja moja wataitimiza kwa pamoja bila kusukumwa. Hoja yake ilihusu mali ya umma, yaani kitu ambacho kikishakuwapo hakuna anayeweza kuzuiwa kukitumia, awe amekichangia au hakukichangia: taa ya barabarani humwangazia aliyelipa kodi na aliyekwepa. Kwa kuwa asiyetoa chochote atafaidi sawasawa na aliyetoa, kila mwenye kupiga hesabu zake vizuri ataona ni afadhali awaachie wenzake gharama, naye adandie. Na kadiri kundi linavyokua ndivyo mchango wa mmoja unavyozidi kupungua uzito, na ndivyo udandiaji unavyozidi kushawishi. Olson alihitimisha kwamba kundi kubwa halizai mali ya umma isipokuwa kwa njia moja kati ya mbili: watu walazimishwe, kama kodi inavyofanya, au wapewe kivutio maalumu kinachomfikia mchangiaji peke yake.

Kwa kipimo hicho Wikipedia haikustahili kuwapo. Kamusi elezo hiyo, iliyoanza tarehe 15 Januari 2001, haimlazimishi mtu, haimlipi mwandishi, haiweki jina lake chini ya kichwa cha makala, na humgawia kila mwenye intaneti kila ilicho nacho. Mradi ulioitangulia, Nupedia, ambao Jimmy Wales na Larry Sanger waliuendesha tangu mwaka 2000 kwa kutegemea wataalamu na mlolongo mrefu wa uhakiki, ulizaa makala chache mno hata ukafungwa mwaka 2003, ilhali ule ulioachwa wazi kwa yeyote ulifurika waandishi. Wapo waliolipokea jambo hili kama ushahidi kwamba binadamu ni mwema kwa asili, na wapo walioshikilia kwamba chini ya wema huo kuna malipo yaliyofichika, ila mtu achimbe vya kutosha tu. Mabishano ya pande hizi mbili yamedumu zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa yake imepotea bure, kwa sababu nia ya mchangiaji imechukuliwa kuwa sifa ya kudumu ya mtu, ambayo mwenye nayo anayo na asiye nayo hana, badala ya kutazamwa kama jambo linalogeuka kulingana na nani anamsoma, nani anamshukuru na nani anamlipa.

Upande wa maslahi binafsi una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri. Mwanasosholojia Peter Kollock, katika sura aliyoichapisha mwaka 1999 kuhusu zawadi na mali ya umma mtandaoni, alionyesha kwamba mtu anaweza kumsaidia asiyemjua hali akijitazama mwenyewe, kwa sababu tatu tofauti. Ya kwanza ni tumaini la kurudishiwa, si lazima na yule aliyesaidiwa bali na jumuiya nzima, kwa kuwa anayejulikana kuwa msaidizi hujibiwa haraka siku naye akikwama. Ya pili ni sifa njema mbele ya wenzake. Ya tatu ni hisia ya kuweza, yaani raha ya mtu kuona kwamba alichokifanya kimefika mahali na kimebadilisha kitu.

Ile ya pili haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Katika kundi la WhatsApp la mchango wa harusi, orodha ya majina hunakiliwa na kubandikwa upya kila anapoongezeka mtu, ahadi upande mmoja na taslimu upande wa pili, na aliyeahidi laki moja akatuma elfu ishirini hujua kwamba kila aliyemo kundini, wakiwamo wakwe na wakubwa zake wa kazini, ameuona upungufu huo hata kama hakuna aliyeutaja. Mchango ni wa kweli, na anayetoa anawatakia kheri maharusi kwa dhati, lakini orodha nayo ina kazi yake, na mwenyekiti wa kamati anayechelewa kuibandika hugundua upesi kwamba ahadi nazo zimechelewa. Orodha hiyo ndicho kivutio maalumu cha Olson katika umbo lake la kawaida kabisa, na jumuiya za mtandaoni zimejaa orodha za namna hiyo: pointi, nyota, vyeo, na idadi ya marekebisho aliyoyafanya kila mtu.

Kwa watengenezaji wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, maslahi hayo yalielezwa kwa lugha ya soko la ajira. Josh Lerner na Jean Tirole, katika makala yao ya mwaka 2002, walidai kwamba anayetoa msimbo wake bure anajitangaza kwa waajiri kwa namna ambayo cheti hakiwezi kumtangaza, kwa kuwa kazi yenyewe iko hadharani na jina la aliyeifanya limeandikwa humo humo. Hoja hiyo inaueleza vizuri mradi kama Linux, ambao Linus Torvalds aliutangaza mwezi Agosti 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ambao leo sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na wahandisi wanaolipwa mishahara na makampuni yanayoihitaji. Katika makala ya mwaka 2003, Karim Lakhani na Eric von Hippel walichunguza jambo dogo zaidi, na huenda lenye mafunzo zaidi: kwa nini watumiaji wa programu ya seva ya Apache walikuwa wakijibu maswali ya wageni bila malipo. Waligundua kwamba karibu muda wote ambao wasaidizi hao waliutumia uliishia katika kusoma maswali na majibu ya wengine kwa faida yao wenyewe, ili wajue matatizo yanayowakabili wenzao kabla hayajawafika. Kuandika jibu kulichukua dakika chache tu, kwa sababu kwa kawaida alijibu yule aliyekuwa na jibu tayari kichwani. Ukarimu uliokuwa ukisifiwa ulikuwa na gharama ndogo mno, na hapo swali la maslahi au hisani likaanza kupoteza makali, kwa kuwa kitu kisichogharimu hakihitaji nia kubwa ya kukieleza.

Upande wa hisani, kwa maana ya kutaka mwingine afaidike bila kujali kama mtoaji atapata kitu, ulipata mtetezi wake makini katika saikolojia. C. Daniel Batson alitumia miongo kadhaa akijaribu kuthibitisha kwa majaribio kwamba mtu anayemhurumia mwenzake kweli kweli humsaidia hata anapopewa njia rahisi ya kuondoka bila lawama. Pamoja na Nadia Ahmad na Jo-Ann Tsang, mwaka 2002 aliainisha nia nne zinazomfanya mtu ajishughulishe na mambo ya jumuiya: faida yake mwenyewe, faida ya mtu mwingine, faida ya kundi, na kutii kanuni fulani ya haki au wajibu. Uainishaji huo unasaidia kuliko ule wa pande mbili, kwa kuwa anayetetea lugha yake au mji wake hajitafutii chake na wala hana mtu mmoja anayemhurumia. Analitumikia kundi ambalo yeye mwenyewe ni sehemu yake, na mpaka kati ya faida yake na faida ya wenzake hauonekani.

Pingamizi la kawaida, ambalo mwanauchumi James Andreoni alilipa umbo rasmi mwishoni mwa miaka ya 1980, ni kwamba mtoaji hujisikia vizuri anapotoa, na kwa hiyo naye amelipwa. Pingamizi hili lina manufaa katika hesabu za kiuchumi, ila likitumiwa kumaliza mjadala halithibitishi chochote, kwa maana mtu asiyejali wengine hangejisikia vizuri kwa kuwasaidia; furaha hiyo yenyewe inadai kwamba hisani iwe imetangulia. Kilichomo moyoni mwa mtu hakipimiki, na hata anachokisema kuhusu moyo wake ni ushahidi dhaifu. Oded Nov, aliyewauliza wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alikuta kwamba sababu zilizotajwa kwa nguvu zaidi ni raha ya kazi yenyewe na itikadi ya kwamba maarifa yawe huru. Lakini alipolinganisha majibu na saa walizotumia, itikadi haikuonekana kuongeza saa hizo. Walioiheshimu sana kanuni hawakuifanyia kazi zaidi ya wenzao. Kinachoweza kuchunguzwa kwa uhakika zaidi ni mwenendo, hasa pale hali inapobadilika ghafla bila wachangiaji kupenda.

Badiliko la aina hiyo lilitokea mwezi Oktoba 2005, serikali ya China ilipoifungia Wikipedia kwa watu wa bara. Wahariri wa Wikipedia ya Kichina walioishi Taiwan, Hong Kong, Singapore na kwingineko hawakuguswa na amri hiyo. Waliweza kuandika kama jana yake. Kwa mujibu wa nadharia ya Olson, kundi likipungua ghafla namna hiyo waliobaki wangepaswa kuandika zaidi, kwa kuwa mzigo umewaelemea na hakuna tena wengi wa kuwadandia. Xiaoquan Zhang na Feng Zhu, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2011, walikuta kinyume chake: michango ya wale ambao hawakufungiwa ilishuka kwa wastani wa asilimia 42.8, na walioshuka zaidi ni wale waliokuwa wakijali zaidi mawasiliano na wenzao ndani ya jumuiya. Wasomaji walipotoweka, hamu ya kuandika nayo ilitoweka.

Matokeo haya hayaipi ushindi kambi yoyote, na ndiyo maana yana thamani. Mtu mwenye hisani tupu angeweza kupunguza kuandika, kwa kuwa wanaofaidika wamepungua. Mpenda sifa naye angepunguza, kwa kuwa watazamaji wamepungua. Jambo lililo wazi ni kwamba mdandiaji, yule msomaji asiyeandika hata nukta, ambaye nadharia ya mwaka 1965 ilimhesabu kuwa mzigo, mtandaoni ndiye ujira wa mwandishi. Jaribio la Michael Restivo na Arnout van de Rijt la mwaka 2012 linaelekea huko huko: walipowapa nyota za pongezi wahariri mia moja waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa walio hodari zaidi, nyota ambazo ni picha tu kwenye ukurasa wa mtumiaji na haziwezi kununua hata soda, kazi ya waliozipata iliongezeka kwa asilimia 60 ikilinganishwa na ya wenzao wasiozipata, katika muda wa siku tisini.

Nadharia hizi zote zilizaliwa katika lugha kubwa na nchi tajiri, na zikiletwa Uswahilini bila kupimwa hupotosha. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na sasa ina maelfu kwa maelfu ya makala. Anayeiandikia hawezi kuyategemea malipo ambayo Lerner na Tirole waliyaeleza, kwa kuwa hakuna mwajiri jijini Nairobi au Dar es Salaam anayefungua historia ya marekebisho ya makala kuhusu Wilaya ya Pangani kabla ya kuajiri. Wala hawezi kulitegemea sana tumaini la kurudishiwa, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili mwenye simu mara nyingi hujua Kiingereza cha kutosha kwenda kusoma makala ndefu ya upande wa pili. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa haina hadhi. Makala nyingi mno ni za kata za Tanzania: mhariri huandika jina la kata, wilaya na mkoa, huweka idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa ya 2012, hupachika kiungo cha jamii ili ukurasa uonekane pamoja na wenzake, na chini yake hubaki tangazo linaloeleza kwamba makala hiyo bado ni mbegu na kumwomba msomaji aongeze anachokijua. Kisha huhamia kata inayofuata. Wakabidhi, kama wanavyoitwa humo watumiaji waliokabidhiwa madaraka ya kufuta kurasa na kuwazuia wavurugaji, hukesha wakiondoa matusi, wasifu wa wasanii chipukizi waliojiandikia wenyewe, na tafsiri zisizosomeka.

Ikiwa mtu anaendelea na kazi hiyo kwa miaka, maelezo ya faida binafsi hayamtoshi, na ya huruma kwa mtu fulani hayamtoshi vilevile. Inabaki ile nia ya tatu ya Batson, ya kundi, pamoja na ya nne, ya kanuni: kuona kwamba lugha inayosemwa na watu wengi kiasi hiki, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, haipaswi kukosa kamusi elezo yake, na kwamba wajibu huo usipobebwa na wachache hautabebwa na yeyote. Nia ya namna hii ni imara dhidi ya upweke kuliko zile nyingine, lakini ina udhaifu wake, nao ni kwamba huweza kutosheka na kuwapo kwa makala bila kuuliza kama inasomeka. Wikipedia ya Kiskoti ilijulikana kwa hilo mwaka 2020, ilipobainika kwamba maelfu ya makala zake yalikuwa yameandikwa kwa nia njema na mhariri asiyeijua lugha hiyo sawasawa. Anayedhani hisani daima huzaa kitu bora kuliko maslahi angefaa kuzisoma kurasa zile.

Kinyume chake kilijaribiwa Afrika Mashariki miaka kumi na zaidi kabla ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google ilitangaza shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, waandike makala katika Wikipedia ya Kiswahili na walio bora wapate zawadi, zikiwamo kompyuta za mkononi. Makala ziliongezeka kwa mamia ndani ya wiki chache, baadhi zikiwa nzuri na baadhi zikiwa zimepitishwa katika mashine ya kutafsiri na kubandikwa zilivyo. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa washiriki hawakuonekana tena, na wenyeji wakabaki na kazi ya kusafisha. Ni rahisi kuwalaumu wanafunzi, nayo lawama hiyo si ya haki: waliitwa kushindana kwa kompyuta, wakashindania kompyuta, na shindano lilipokwisha wakaenda zao kama mchezaji anavyoondoka uwanjani filimbi ya mwisho ikipulizwa. Kosa lilikuwa la aliyedhani kwamba idadi ya makala ndiyo jumuiya.

Uri Gneezy na Aldo Rustichini walikuwa wameonyesha mapema, katika makala ya mwaka 2000, jinsi fedha inavyoweza kubadilisha maana ya tendo bila yeyote kukusudia. Katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini, na wachelewaji wakaongezeka, kwa sababu kuchelewa, ambako mwanzo kulikuwa ni kumkosea adabu mlezi, sasa kumekuwa huduma yenye bei. Na faini ilipoondolewa, adabu ile haikurudi. Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa jina la posho. Mahali ambapo kila warsha hulipa nauli na posho ya kikao, anayeandaa siku ya uandishi wa pamoja asitoe kitu huonekana amewanyima watu haki yao, na anayetoa bando la intaneti ili washiriki wasitumie fedha zao hukuta wapo waliokuja kwa ajili ya bando. Kati ya bando na zawadi kuna tofauti ambayo wafadhili wengi huipuuza: bando humwondolea mchangiaji gharama aliyokuwa akiibeba, na katika nchi ambako bei ya data si ndogo kwa mwanafunzi hilo ni suala la haki, ilhali zawadi kwa kila makala hununua idadi na kumfundisha mchangiaji kwamba makala fupi kumi ni bora kuliko ndefu moja. Mfadhili anayefidia gharama huiacha nia ya mtu mahali pake. Anayelipa kwa kila ukurasa huweka nia yake mwenyewe mahali pa ile aliyoikuta.

Kama uchunguzi wa Wikipedia ya Kichina ni sahihi, haja kubwa ya jumuiya changa ya lugha isiyo na maandishi mengi mtandaoni ni wasomaji wanaojitokeza, hata kwa kurekebisha herufi moja, hata kwa kulalamika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba idadi ya watu wa kata yao imepitwa na wakati tangu sensa ya 2022. Makala ya kata iliyoguswa na mtu wa kata hiyo humwambia aliyeianzisha kwamba aliandikia watu. Walimu wa sekondari wanaowakataza wanafunzi kuifungua Wikipedia ya Kiswahili kwa sababu ina makosa wanaunyima mradi huo ujira pekee unaoufaa, ingawa kuhusu makosa yenyewe hawajasema uongo.

Ujira huo sasa unapungua kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Maandishi ya Wikipedia ni miongoni mwa yale ambayo programu kubwa za lugha hufunzwa nayo, na anayeuliza swali kwa Kiswahili akajibiwa na programu ya namna hiyo hafungui tena ukurasa uliochangia jibu, hajui ulihaririwa na nani, wala hana pa kurekebisha kilichokosewa. Leseni ambayo waandishi huitolea kazi yao inamruhusu yeyote kuitumia, hata kibiashara, ila inamtaka awataje walioiandika. Sharti hilo ndilo sifa ya Kollock iliyopewa nguvu ya kisheria, na jibu la mashine kwa kawaida halimtaji mtu. Mhariri aliyekuwa akiandika kwa ajili ya kusomwa yuko katika hali inayokaribiana na ya yule wa Taipei mwaka 2005. Mhariri aliyekuwa akiandika ili Kiswahili kisikosekane huenda akaona amefanikiwa kuliko alivyotarajia, kwa kuwa mashine zinakisema kwa sehemu kutokana na jasho lake. Wakati huo huo makala zilizotafsiriwa kwa mashine hizo hizo humwagwa ndani ya Wikipedia kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauifikii, na kila moja inahitaji mkabidhi akae aisome mstari kwa mstari kabla ya kuamua ibaki au ifutwe, usiku, baada ya kutoka kwenye kazi inayomlipa.